Televisheni ya Kenya 2015: Mwaka wa Rekodi, Ulivyoonekana Nyamache

Tangu Kenya ianze kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962, ni vigumu kuupata mwaka uliojaa mambo ya kwanza na ya mwisho kama 2015. Hizi hapa rekodi zake, zilivyotufikia huku Nyamache, kwenye mashamba ya majani chai ya Bobasi, Kisii.

Kimya kirefu zaidi
Februari 14, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analojia ya Citizen, NTV na KTN, na vituo hivyo vikagoma. Vilirudi Machi 4. Kampuni za habari zilitaka kurusha dijitali kwa mitambo yao wenyewe, zisitegemee Signet ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, wala PANG, kampuni ya Kichina. Hata serikali ilipozima vituo mwaka 2018, Citizen, iliyochelewa zaidi kurudi, haikufikia muda huo: ilizimwa Januari 30 na kurejea Februari 8.

Mzigo mzito zaidi
Machi ilipokwisha, analojia ilikuwa imezikwa nchi nzima, kabla ya siku ya mwisho ya kimataifa, Juni 17. Huku kwetu wengi walikuwa wakitazama kwa betri ya gari: nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zimebanwa kwenye vichwa vya betri, na antena imefungwa juu ya mti mrefu kando ya nyumba. Sasa ilibidi king'amuzi cha kupokea dijitali kinunuliwe, nacho kikaanza kunyonya betri ileile. Afueni ilitangazwa Mei, ada ya kuunganishiwa stima iliposhushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000.

Pengo kubwa zaidi
Julai 12, Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha *Vitimbi*, aliaga dunia. Alikuwa Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo, lafudhi na yote, kwa zaidi ya miaka 30. Katika nchi inayogawanyika kila uchaguzi, alichekwa na kupendwa na kila kabila.

Mgeni wa kwanza wa aina yake
Julai 24, skrini zilituonyesha Barack Obama akitua Nairobi, rais wa kwanza wa Marekani kuzuru Kenya akiwa madarakani.

Mrusho mrefu zaidi
Agosti 26, kwenye mashindano ya dunia ya riadha mjini Beijing, Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72, rekodi ya Afrika na umbali ambao dunia haikuwa imeuona tangu 2001. Mchezo huo alijifunza kwa kutazama video za YouTube. Siku moja kabla, Nicholas Bett alikuwa ameshinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.79. Kenya ilimaliza kileleni kwa dhahabu 7, nchi ya kwanza ya Afrika kuongoza jedwali la mashindano hayo.

Rekodi ya mwaka
Tuzo nakipa kile kimya cha Februari. Mamlaka na kampuni zote zilisikika. Mwananchi aliyenunua televisheni, betri na king'amuzi hakuulizwa. Dijitali imetuletea picha safi na vituo tele, na naishukuru. Lakini mtambo mwingine ukija kubadilishwa, hesabu ianzie kwa mwenye betri Nyamache, ndipo ifike kwa mwenye leseni Nairobi.