Sikukuu ya Nungwi Haifuati Kalenda Yetu

Kila mwaka unapoelekea ukingoni tunapokea barua kutoka kamati za parokia zikiuliza: Krismasi hii tuwapelekee nini watoto wa skuli ya msingi kule Nungwi? Swali hili ni jema. Hata hivyo, ni vyema tueleze kwanza jinsi sikukuu inavyofika kijijini hapo, kwani zawadi inayofika siku isiyo yake hupoteza nusu ya baraka yake.

Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Wenyeji wake ni wavuvi, mafundi wa majahazi na, siku hizi, wafanyakazi wa mahoteli ya kitalii. Wengi mno ni Waislamu. Mwezi Desemba mwaka wa masomo huwa umekwisha. Mwaka mmoja sisi wenyewe tulifika na maboksi ya zawadi wiki ya Krismasi, tukakuta madarasa yana kufuli. Mzee mmoja wa kijiji akatuuliza kwa upole kama zawadi zile zina masharti ya dini. Hazikuwa nayo, lakini kosa la kumfanya aulize lilikuwa letu.

Sikukuu kubwa ya watoto hawa ni Idi el-Fitri. Mwezi ukiandama, Ramadhani imekwisha. Kabla ya sala ya Idi kila mwenye uwezo hutoa zakatul-fitri, takriban kilo 2.5 za chakula kama mchele kwa kila mtu wa nyumba yake, ili maskini naye apike siku hiyo. Kisha watoto huvaa nguo mpya, hupita nyumba kwa nyumba kuwaamkia wazee na kupewa mkono wa Idi. Kwa Zanzibar shamrashamra hizi huendelea hadi Idi nne.

Hapo ndipo uzito ulipo. Mtoto wa mjane, au wa mvuvi aliyerudi mikono mitupu, anaweza kukaa ndani siku zote nne kwa kukosa nguo. Wazazi wengine hukopa ili mwanao asione haya. Skuli ikifunguliwa, deni bado lipo, na daftari nalo linahitajika.

Tatizo la kwetu ni kalenda. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka Idi hurudi nyuma kwa siku kama 11. Mwaka 2000 Idi el-Fitri ilisherehekewa mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2024 iliangukia Aprili. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, Machi 5. Waumini wa dini mbili wakafunga pamoja. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mara mbili, mapema Januari na tena karibu na Krismasi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia mambo matatu. Kwanza, mchango wa Majilio ukusanywe kama kawaida, lakini utunzwe hadi mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani. Hapo wazazi watapata muda wa kununua kitambaa na fundi cherehani wa kijijini atapata kazi. Pili, mchango ukabidhiwe kamati ya skuli pamoja na walimu. Wao wanajua nyumba ipi ina shida, na wanajua kusaidia bila kumwaibisha mtu. Tatu, tusiweke kadi zenye ujumbe wa dini wala kuwapanga watoto foleni kwa ajili ya picha. Imani yetu inatutuma kumpenda jirani, na jirani hupendwa kwa namna inayomwachia heshima yake.

Kwa wafadhili wanaotaka kutoa Desemba ileile, lipo hitaji linalofuata kalenda yetu: sare, viatu na madaftari kwa ajili ya kufungua skuli Januari.

Mfadhili anayezoea kuona zawadi ikifunguliwa chini ya mti wa Krismasi atalazimika kusubiri kidogo. Tunamwomba asubiri pamoja na watoto wa Nungwi, mpaka mwezi uandame.