Mbegu Zinazoiamuru Stroberi Iive

Nyama nyekundu tunayoila kwenye stroberi, kwa wataalamu wa mimea, si tunda. Ni kitako cha ua kilichonenepa. Matunda yenyewe ni vile vidoa vigumu vilivyotapakaa juu yake, ambavyo wengi huviita mbegu, na kila kimoja kina mbegu moja ndani. Vidoa hivyo ndivyo vinavyoamua nyama ikue lini na iive lini.

Mwaka 1950 mtaalamu Jean Nitsch alichapisha majaribio ambayo sijaona mengine yanayolionyesha jambo hili waziwazi kuliko hayo. Alibandua vidoa vyote kwenye stroberi changa, nyama ikadumaa. Kwenye nyingine akabakiza kidoa kimoja tu. Nyama ikavimba hapohapo kilipo, kwingine kote isisogee. Kisha akachukua stroberi iliyobanduliwa vidoa vyote, akaipaka mafuta mazito yenye auksini, homoni ya ukuaji, nayo ikanenepa. Kumbe auksini ya vidoa ndiyo iliyokuwa ikiikuza nyama.

La ajabu zaidi ni kwamba homoni hiyohiyo huzuia kuiva. Bandua vidoa vya upande mmoja wa stroberi iliyokwisha kukua lakini bado kijani, na upande huo utatangulia kuiva. Kwa kawaida auksini hupungua yenyewe kadiri stroberi inavyokomaa, huku homoni nyingine, asidi ya absisiki, ikipanda. Mwaka 2011 watafiti wa China walinyamazisha FaNCED1, jeni inayohitajika kutengeneza asidi hiyo, ndani ya stroberi zilizokuwa bado kwenye mmea. Wekundu haukuja, mpaka zilipotiwa asidi yenyewe.

Hapo ndipo stroberi inapoachana na ndizi. Ndizi hukatwa mbichi, ikavundikwa, gesi ya ethilini ikaiamsha, na wanga wake ukageuka sukari. Stroberi haivundikiki. Ikichumwa nyeupe huenda ikapata wekundu kidogo njiani, lakini haina akiba ya wanga wa kugeuza. Sukari yake hutoka kwenye majani, na njia hiyo hukatika pamoja na kikonyo. Mkulima wa Limuru hana budi kuisubiri iive palepale, kisha aiwahishe sokoni kabla haijabonyea.

Rangi ina jeni yake kuu, FaMYB10, ambayo auksini huizuia na asidi ya absisiki huiamsha. Protini yake huwasha jeni zinazotengeneza rangi nyekundu. Katika stroberi mwitu, Fragaria vesca, herufi moja ya DNA ikibadilika kwenye jeni ya aina hiyo, stroberi hulainika na kuwa tamu, ila hubaki nyeupe.

Ulaini nao una jeni zake. Mwaka 2002 watafiti wa Hispania walidhoofisha jeni ya kimeng'enya kinachokata pektini, ile inayoshikanisha seli. Stroberi zao ziliiva kwa rangi na ukubwa uleule, na nyingi zikawa ngumu kuliko kawaida.

Kazi ya kubadili jeni hizi bado ni nzito, kwa sababu stroberi ya shambani ina seti 8 za kromosomu, jumla 56. Jeni moja huweza kuwa na nakala kadhaa, na ukizima moja nyingine zinaendelea. Mwaka 2019 ilichapishwa ramani ya vinasaba vya aina ya Camarosa, na wazalishaji wa aina mpya sasa wanaweza kutafuta ni nakala ipi hasa inayofanya kazi. Ninachotamani kitoke humo ni stroberi ambayo mkulima ataiacha shambani mpaka iive barabara, na bado imfikie mteja ikiwa nzima.