Saa Nne Asubuhi, Kompyuta Zote Zimeganda

(Muziki wa kufungulia, kisha unapungua polepole.)

MTANGAZAJI: Kipindi cha leo ni chako wewe unayefanya kazi kwenye kituo cha afya: karani wa mapokezi, muuguzi, mtunza rekodi, au yule kijana anayeitwa kila kompyuta ikigoma. Ukiwa na nakala hii iliyochapishwa, iweke karibu na seva.

Tuseme kituo chako kiko Namuwongo, hapa Kampala, bondeni chini ya kilima cha Muyenga, karibu na reli. Ni Jumatatu, saa nne asubuhi. Mama mmoja amemwachia jirani meza yake ya nyanya, amekuja kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi. Karani anaandika namba yake, anabonyeza, na kile kiduara kinaanza kuzunguka. Kwenye chumba cha daktari kinazunguka. Kwenye dirisha la dawa kinazunguka. "Musawo, bado?" Bado. Mama anatazama mlango, anafikiria nyanya zake.

Hasara ya kwanza ni muda, na hiyo kila mtu anaiona. Ya pili imejificha. Muuguzi akiona kitufe cha kuhifadhi hakijibu, anabonyeza tena. Programu isipozuia jambo hilo, dawa za siku 30 zinaingia mara mbili. Sasa kompyuta inaamini mama ana dawa za siku 60. Akikosa kurudi mwezi ujao, jina lake halitatokea kwenye orodha ya waliopotea, na hakuna atakayempigia simu. Kwa hiyo sheria ya leo leo, kabla hatujagusa seva: kikizunguka, usibonyeze mara ya pili. Subiri, kisha fungua rekodi upya uone kama imeingia.

Vituo vingi vya Uganda vinavyohudumia wagonjwa wa virusi vya UKIMWI hutumia UgandaEMR. Hiyo imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2004 kwa mahitaji ya wagonjwa wa Eldoret, ng'ambo ya mpaka kule Kenya. Chini yake rekodi hukaa kwenye hifadhidata iitwayo MySQL. Kituo chako kikiwa na programu nyingine, mengi ya tutakayosema bado yatakufaa.

Watu wengi hukimbilia kusema, "Mtandao ni mbovu," au "Tununue kompyuta mpya." Ngoja kwanza. Chukua daftari na saa. Chagua kazi moja tu, kwa mfano kumtafuta mgonjwa kwa namba yake. Ifanye saa moja asubuhi kabla wenzako hawajaingia, uandike imechukua sekunde ngapi. Ifanye tena saa nne, watu watano wakiwa kazini. Halafu, saa nneile ile, nenda ukaifanye kwenye seva yenyewe.

Sasa soma daftari lako. Ikiwa kwenye seva ni sekunde mbili na mapokezini ni arobaini, hifadhidata haina kosa. Tazama waya, swichi, na ile Wi-Fi ambayo simu za nusu ya kituo zinatazamia video. Ikiwa kazi ni nzito hata saa moja asubuhi, ukiwa peke yako, basi huenda hifadhidata inatafuta vibaya. Jedwali lisilo na faharasa ni kama kitabu kisicho na orodha ya mada: ukitaka jambo moja, unafunua kurasa zote. Rekodi zikiwa mia tano hutahisi. Zikifika laki mbili, utahisi kila siku.

Na ikiwa ni nyepesi asubuhi na nzito saa nne, hata kwenye seva, hapo watu wanagombania kitu. Hapa ndipo ningekaa zaidi, kwa sababu ndipo fedha hupotea kwa kununua mashine zisizohitajika.

Mwombe fundi wako aingie kwenye MySQL wakati ule ule wa tatizo, si jioni mambo yakiwa yametulia. Amri SHOW FULL PROCESSLIST humwonyesha kila ombi linaloendelea, na limechukua sekunde ngapi. Mara nyingi mkosaji anaonekana hapo hapo. Ni mwanzo wa mwezi, na mtu ofisini anatengeneza ripoti ya HMIS 105 ya Wizara ya Afya. Ripoti hiyo inapitia rekodi za mwezi mzima, inajaza diski kazi, na mama wa nyanya anasubiri nyuma yake. Mwenye ripoti hana hatia, hakuna aliyemwambia. Atengeneze ripoti baada ya wagonjwa kuondoka, au kwenye nakala ya hifadhidata iliyo kwenye kompyuta nyingine.

Muulize fundi pia kuhusu memori. MySQL ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, hutenga megabaiti 128 tu za kushikilia data mkononi, hata kama seva ina gigabaiti nane. Kinachobaki inakwenda kukisoma kwenye diski, kila mara. Kiasi hicho kinaweza kuongezwa bila kununua chochote. Lakini kisimeze memori yote, maana programu yenyewe inaishi kwenye seva hiyo hiyo. Na nakala ya akiba ichukuliwe kwanza. Fundi akikwambia haina haja, tafuta fundi mwingine.

Kuna dalili moja ya kukumbuka. Ukibonyeza kuhifadhi, ukasubiri karibu sekunde 50, kisha ukapata ujumbe wa kosa unaotaja "lock wait timeout", hiyo ni kufuli. Mtu au kazi nyingine imeshikilia rekodi unayoitaka na haijaiachia. Sekunde 50 ndio muda ambao MySQL husubiri kufuli kabla ya kukata tamaa, isipobadilishwa. Seva mpya haitakusaidia hapo. Anayepaswa kujua ni mtengenezaji wa programu.

(Muziki mfupi.)

Tufike basi kwenye kumwandikia mtengenezaji. Ujumbe unaotumwa mara nyingi ni huu: "Sistimu iko polepole, tusaidieni." Anayeusoma hajawahi kufika Namuwongo. Kwake programu inafanya kazi vizuri, akiwa peke yake na wagonjwa kumi wa kubuni. Atajibu, "Kwetu haionekani," na mtakasirikiana bure.

Linganisha na huu: "Jumanne, saa ya kompyuta 10:10 asubuhi. Watumiaji watano. Nilifungua ukurasa wa kutafuta, nikaandika namba, nikabonyeza Tafuta. Nilitarajia jibu ndani ya sekunde mbili au tatu, kama saa 7:00 asubuhi. Lilichukua sekunde 40. Imetokea siku tatu mfululizo. Ilianza baada ya kuweka toleo jipya wiki iliyopita." Ongeza namba ya toleo, na maneno ya kosa yakiandikwa yote kama yalivyo, hata kama hujayaelewa.

Umeona nimeandika saa ya kompyuta? Sisi tunasema saa nne, seva inaandika 10:00. Ukiandika "saa nne" bila maelezo, mtu wa mbali atakwenda kutafuta kosa lako alfajiri, seva ikiwa imelala.

Tatizo moja, ujumbe mmoja. Polepole ni jambo moja, dawa kuingia mara mbili ni jingine, na la pili liandike kwanza kwa sababu linagusa matibabu.

Na tafadhali sana, ndugu yangu: usipige picha ya skrini yenye jina la mgonjwa ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp. Katika mtaa ambao watu wanajuana kwa milango, picha moja inatosha kumtangaza mama yule kwa majirani, na kama ni mkimbizi, kwa watu aliowakimbia. Tengeneza mgonjwa wa kubuni, rudia kosa kwake, piga picha hiyo.

Jibu litakapokuja, pengine litakuwa na swali. Lijibu siku hiyo hiyo, kabla hujasahau. Wakikutumia marekebisho, rudia kazi ile ile, saa ile ile, na watu wale wale watano, uandike sekunde kwenye daftari lile lile.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.

(Muziki wa kufungia.)