Tabibu Naye Ni Mja: Haki za Wanaotuuguza

 

Wasomaji wapenzi, haki za mgonjwa zinajulikana: kuzuriwa, kuombewa dua, kupelekewa uji na maneno mema. Leo napenda tuziangalie haki za mtu mwingine aliye karibu na kitanda hicho hicho, nazo ni haki za anayemtibu.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku 14 baadaye ilianza kafyu ya usiku, na kuanzia tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungwa. Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria ikatukuta misikiti imefungwa, tarawehe tukaisali majumbani. Hoteli za Diani zikabaki tupu, na waliokuwa wakila kwa jasho la siku wakaijua njaa. Hayo kila nyumba inayakumbuka. Lakini wakati sisi tukiamrishwa kukaa ndani, wapo walioamrishwa kutoka: madaktari, wauguzi, wakunga, maafisa wa maabara na wafagizi wa wadi, katika hospitali ya rufaa ya Msambweni na katika zahanati za vijijini.

Yaliyokuwa kifuani mwao

Katika nchi nyingi madaktari waliyaandika yaliyowasibu mwaka ule, na ajabu ni kwamba maneno yao yanafanana. Hofu yao kubwa haikuwa kufa, bali kuyabeba maradhi hadi kwa watoto wao na wazazi wao wazee. Wengine walilala chumba cha pekee wakawasikia wana wao nyuma ya mlango. Walihuzunika kwamba mgonjwa haoni uso wao, aona macho tu juu ya barakoa, na kwamba aliyekata roho bila ya jamaa yake, pumzi yake ya mwisho ilisikiwa na muuguzi mgeni.

Kwetu Kenya, tarehe 10 Julai 2020 alifariki Dkt. Doreen Lugaliki, bingwa wa uzazi jijini Nairobi, daktari wa kwanza wa Kenya kutangazwa kufa kwa korona. Mwezi Disemba akafuata Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28, ambaye chama cha madaktari kilieleza kwamba alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa, wala hakuwa na bima ya matibabu. Tarehe 21 ya mwezi huo madaktari wakagoma, wakidai bima na vifaa vya kujikinga. Wengi waliwalaumu. Lakini tujiulize: je, ni uadilifu kumtaka mtu asimame mbele ya moto kwa ajili yetu, kisha tumnyime ndoo ya maji?

Mfano wa waliotutangulia

Umma huu uliyaona maradhi ya kuambukiza tangu zama za maswahaba. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kuelekea Sham, alipata habari ya tauni, akashauriana na watu wake, akaamua kurejea. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza iwapo anakimbia kadari ya Allah, alimjibu kwamba kuikimbia kadari moja ni kuiendea kadari nyingine Yake. Kisha Abdurrahman bin Auf akawapa mafundisho ya Mtume (S.A.W.): tusiingie penye tauni, wala tusitoke tunapoikuta imetufika. Abu Ubayda alirudi kwa watu wake, akafa pamoja nao katika tauni ya Amwas. Na Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni mkubwa wa Misri aliyefiwa na mabinti zake kwa tauni, alitunga kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Msiba haukumnyamazisha.

Basi tawakkul haipingani na dawa, na aliyevaa barakoa hakuwa mchache wa imani. Vilevile, tabibu si mwenye kuponya. Yeye ni sababu, na Mponyaji ni Allah. Mwenye kulisahau la kwanza humdharau daktari, na mwenye kulisahau la pili humpiga kwa maneno mgonjwa wake anapofariki.

Wajibu wetu

Mama zangu na dada zangu, nyinyi ndio mnaompeleka mtoto kliniki na mnaokaa na mzazi wodini, kwa hiyo neno lenu lina uzito. Uvumi ukija barazani juu ya chanjo au hospitali, uulizeni ushahidi wake kabla ya kuupeleka mbele. Mja mzito asikose kliniki kwa khofu ya maneno ya jirani. Muuguzi akitoka zamu ya usiku, asitengwe, wala watoto wake wasinyooshewe kidole. Apelekewe futari kama anavyopelekewa jirani mwingine. Na tukikaa na viongozi wetu wa kaunti, tuwaulize habari za mishahara, glavu na bima za wanaotuuguza, kama tunavyowauliza habari za barabara na maji.

Na nyinyi matabibu wa Kwale, andikeni mliyoyaona, kwa lugha yetu, ili wajukuu wasije wakayatafuta kwa wageni.

Ewe Mola, warehemu waliotangulia, waponye wagonjwa wetu, na uwalinde wanaokesha kwa ajili yao. Amin. Wabillahi tawfiq.