Sura ya 4: Ukuta Unaokunywa Maji

Ukitaka kujua umenunua nini Mji Mkongwe wa Zanzibar, acha kwanza hati na ramani. Ingia chumba cha chini, tafuta mahali lipu ilipobanduka, paka kidole mate, gusa ukuta kisha ulambe kidole. Utaonja chumvi. Waliokutangulia wameupaka rangi ukuta ule pengine mara kumi, na mara kumi chumvi imetoka nje ikainua rangi mpaka ikakatika kama magamba ya changu. Mwenye nyumba mpya akiona hivyo hukimbilia dukani kununua saruji. Sura hii nimeiandika ili kumkamata mkono kabla hajafika dukani.

Ukuta wa nyumba za kale za pwani yetu umejengwa kwa matumbawe na mawe ya chokaa, vikubwa kwa vidogo, vikashikamanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake ni kiasi cha nusu mita, na chini mara nyingi huzidi. Chini yake hapana zege wala karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu. Kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yapandavyo kwenye utambi. Yakifika usoni mwa ukuta, upepo huyakausha, chumvi ikabaki. Waashi wa zamani walilijua hilo na wala halikuwakosesha usingizi. Walipiga lipu ya chokaa, laini na yenye vinyweleo, iwe ndiyo ya kuliwa na chumvi. Ikiisha, hubanduliwa, hupigwa nyingine. Jiwe lililo nyuma yake hubaki salama. Lipu ilikuwa kafara ya ukuta.

Chokaa yenyewe ina kisa ambacho sichoki kukisimulia. Tumbawe huchomwa kwenye tanuu la magogo, katika moto unaofika nyuzi 900 hivi. Ndani ya moto huo jiwe hutoa hewa ya kaboni dioksidi lililokuwa limeifunga mwilini, likabaki jepesi, jeupe na kali. Ukilimwagia maji hupiga kelele, hutoa mvuke, hupasuka na kuwa unga. Ndiko kuzima chokaa. Mafundi wa kweli huihifadhi shimoni ikiwa mbichi kwa miezi, kwa kuwa kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika na kushika vizuri. Ikishapigwa ukutani, huanza taratibu kuivuta hewa ile ile iliyoitoa tanuuni, na siku baada ya siku inarudi kuwa jiwe. Yaani tumbawe limetoka baharini, likapita motoni na majini, mwisho limekuwa tumbawe tena, safari hii kwa umbo la ukuta wako.

Safari hiyo haikubali kuharakishwa. Chokaa hupigwa kwa tabaka nyembamba, hufunikwa magunia ya majimaji ili jua lisiiunguze, na kila tabaka husubiri wenzake. Saruji hukauka kesho. Hapo ndipo chokaa iliposhindwa: mkandarasi analipwa kazi ikiisha, na mwenye nyumba ana harusi ya binti yake mwezi ujao.

Mimi mwenyewe sikuwa na harusi, nilikuwa na haraka tu. Nyumba yangu ya kwanza niliipiga lipu ya saruji vyumba vyote vya chini, nikaongeza rangi isiyopitisha maji, na marumaru mpaka usawa wa kiuno. Mwaka wa kwanza kila aliyeingia alisifu. Masika ya pili unyevu ukatokea ghorofani, mahali ambapo haukuwahi kuonekana. Maji yalikosa pa kutokea chini, yakapanda kutafuta njia, yakakuta vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani. Boriti mbili zilipotolewa, ncha zake zilimomonyoka mkononi kama biskuti iliyochovywa chai. Mzee mmoja fundi wa chokaa alikuja, akapapasa ukuta, akacheka kidogo.

“Mwanangu, nyumba hii umeivisha nailoni.”

“Sasa tufanyeje, mzee?”

“Tuivue. Kisha tungoje.”

Kuivua kulichukua wiki tatu kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, maana saruji ikishikana na tumbawe haikubali kuondoka peke yake. Ukiivuta kwa nguvu hutoka na jiwe. Kungoja kulichukua mwaka mzima, kuta zikiwa uchi, wageni wakidhani nimefilisika.

Sasa tupande ghorofani, kwenye boriti zenyewe. Wauzaji wa miti ya mikoko huipanga kwa unene na kila ngazi ina jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ifaayo kubeba sakafu hufika takribani mita tatu, na sehemu ya urefu huo humezwa na kuta mbili. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni vyembamba na virefu. Upana wa chumba chako uliamuliwa na mkoko. Nasisitiza hili kwa sababu kila mwaka namwona mtu aliyependa sebule ya kwenye gazeti, akaamua kuvunja ukuta wa kati ili vyumba viwili viwe kimoja. Ukuta huo ndio uliobeba boriti za pande zote mbili.

Juu ya boriti hulazwa mawe bapa, juu yake zege la chokaa lililopondwa likashikana, na mzigo huo ni mkubwa tayari. Wewe unataka kuongeza tangi la plastiki darini. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Kama lazima uwe na tangi, liweke uani juu ya jukwaa lake na upandishe maji kwa pampu ndogo. Na vyoo: ukaguzi wangu wa nyumba yoyote huanzia chooni, hasa kile cha ghorofani kilichoongezwa baadaye, chenye bomba linalovuja tone moja baada ya jingine ndani ya dari. Mkoko huvumilia mchwa na kuzeeka, lakini hauwezi kuloa kila siku mahali pasipopita hewa.

Baada ya hapo huja ushauri ambao wateja hawaupendi: hamia kwanza, vunja baadaye. Rekebisha paa, mabomba na umeme wa hatari, halafu ishi humo kaskazi, masika, kusi na vuli. Kaskazi itakuonyesha chumba kisicholalika na dirisha la kuhifadhi kwa gharama yoyote. Masika yatakuchorea ramani ya maji ukutani bure, kwa rangi ya kijivu. Kusi itakufunza kazi ya ua. Hewa ya moto huinuka kupitia ua wa katikati na kuvuta ya baridi kutoka uchochoroni. Wengi huuezeka kwa bati angavu ili kupata chumba kimoja cha ziada, nyumba ikaziba pumzi, ndipo wakanunua viyoyozi vitatu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ukarabati mara nyingi mgeni huja na mwenyeji akaugua. Kipimo changu ni kwamba kitu kipya kisimame kwa miguu yake na kiweze kuondoka bila kuacha kovu. Makabati ya jikoni yasimame sakafuni, yasining’inizwe ukutani. Nyaya zipite ndani ya mabomba juu ya lipu. Kutindua mfereji kwenye matumbawe ni kulipasua pazia ili upate uzi. Nondo usizizike kwenye ukuta wenye chumvi, kwani zitashika kutu, zitavimba na kuupasua kutoka ndani. Wahifadhi wa majengo walikubaliana jambo la jirani na hili katika Mkataba wa Venice wa mwaka 1964: kilichoongezwa kijulikane kuwa kimeongezwa.

Mwaka huo huo wa 1964, baada ya Mapinduzi, majumba mengi ya Mji Mkongwe yalibadilisha wakaaji. Familia kadhaa zikaingia nyumba iliyokuwa ya familia moja, zikagawa kumbi kwa mbao na mapazia, zikapika koridoni. Waandishi wengi huzisimulia familia hizo kama watu waliokuja kuharibu. Mimi nimebandua mbao zao na nimebandua zege la matajiri waliofuata. Mbao zilitoka asubuhi moja, na nyuma yake nikakuta madaka yamekaa kama yalivyochongwa.

Vibali nitavitaja kwa ufupi. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hata dirisha hubadilishi kabla ya kupita kwenye mamlaka ya uhifadhi. Nenda mapema, na michoro. Nisipotaka kuwa mfupi ni kwenye jambo la kutegemeza. Nyumba iko hatarini zaidi pale inapotengenezwa, kwa sababu mizigo iliyotulia miaka mingi huanza kuhama. Jumba la Beit al-Ajaib, hapa hapa Mji Mkongwe, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea. Hivyo kabla hujatoa boriti hata moja, simamisha nguzo za muda mpaka chini kabisa, ghorofa kwa ghorofa, na usiruhusu mtu alale chini yake.

Mlango wa mbele nimeuacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa hauhitaji mengi. Usiupige vanishi ya kung’aa. Upake mafuta, ukaze misumari ya shaba iliyolegea, uubadilishie kitasa tu. Kwangu nimeacha komeo la zamani, na kufuli jipya limekaa kando yake.

Kilichonishinda ni intaneti. Modemu niliiweka kwenye kidaka cha ndani, pahala pazuri kabisa, lakini nusu mita ya matumbawe humeza mawimbi yote na chumba cha pili hakipati kitu. Nimeihamishia dirishani, upande wa mtaani. Sasa jioni vijana wa nyumbani na wa jirani hujaa barazani na simu zao, na wazee waliokuwa wameacha kukaa pale wamerudi, kwani kahawa huwafuata vijana.