Jina la Nchi Kwenye Kitako cha Sahani

Mnunuzi wa vyombo vya kauri vya Kijapani vilivyokwisha kutumika huko Marekani hugeuza sahani na kusoma kitako chake. Sababu ni sheria ya ushuru ya mwaka 1890, iliyotaka bidhaa za kigeni ziandikwe kwa Kiingereza jina la nchi zilikotoka kuanzia 1891. Wajapani waliandika NIPPON, jina la nchi yao kwa lugha yao. Mwaka 1921 forodha ya Marekani iliamua kuwa hilo ni neno la Kijapani, si la Kiingereza; likatakiwa JAPAN. Baada ya vita, hadi 1952, baadhi ya vyombo viliandikwa MADE IN OCCUPIED JAPAN, yaani vimetengenezwa Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni.

Hata hivyo, alama hizo hughushiwa. Aidha, vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani kwenyewe havikulazimika kuwa nazo. Kwa hiyo kukosa alama si ushahidi kwamba chombo si cha Kijapani, wala kuwa nayo si ushahidi kamili.

Kwa wanaisimu, funzo ni hili: uteuzi wa neno moja huweza kubeba tarehe, sheria na mamlaka.