Je, Wajua? Gari la Watu Saba na Mbuga ya Mjini

Je, wajua kwamba Mnairobi anaweza kupakia familia nzima garini Jumamosi asubuhi na kuwaona faru bila kulala safarini? Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 hivi na imepakana na jiji lenyewe. Simba wamo, nyati wamo. Tembo wa porini hawamo, kwa hiyo usiwaahidi watoto.

Gari la watu saba, likiwa refu kwenda juu, husaidia kuona ng'ambo ya nyasi. Ila umbo la kibabe lisikudanganye: mengi ya magari haya huvutwa na magurudumu mawili tu, na udongo mweusi wa mbugani ukilowa hujaza meno ya tairi mpaka zinateleza kama sabuni.

Siti za safu ya tatu zikiinuliwa, buti hubaki na nafasi ya kikapu na maji, basi. Usihamishie kila kitu kwenye keria. Uzito wa juu hulifanya gari kupinduka kwa urahisi. Kiwango cha upepo wa tairi kwa kawaida kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pima tairi zikiwa baridi.

Mahali humo mbugani ambapo Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989 sasa familia hupumzika na kula. Kwingineko, hakuna kushuka garini ila palipotengwa. Wa siti ya nyuma waambiwe mapema!